Mbavu za Kondoo Mbele ya Mkwe

Yaya wangu Anne-Marie, yaani dada yangu mkubwa, huwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza huko Evere, Bruxelles. Haoni haya mbele ya mwili wa mtu. Lakini kuna jambo moja la kwetu Kamina ambalo hajaliacha: mama hali mbele ya mume wa binti yake, wala mkwe hatafuni mbele yake. Siku ya arusi ya Graciella, binti yake, yeye na bwana arusi walikaa meza tofauti na hakuna aliyegundua.

Mume wa Graciella ni Andrés, Mhispania wa La Rioja, kwenye mashamba ya zabibu. Mwaka huu alifungua mgahawa mdogo mtaa wa Ixelles, hapo hapo Bruxelles, wa chakula cha kwao tu, na mgeni wa kwanza aliyemtaka ni mama mkwe; mimi na Graciella tukamsindikiza.

Alituletea mwenyewe viazi vilivyopikwa na soseji nyekundu, mbavu za mwanakondoo zilizochomwa juu ya vijiti vya mizabibu, na divai. Kisha akavuta kiti, akaketi na sahani yake kumkabili yaya, akangoja.

Yaya alitazama dirishani. Viazi vikaanza kupoa.

"Maman, si muzuri?" Andrés aliuliza kwa Kiswahili chake kidogo. Masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu. "Mama yangu anapika hivi."

"Mama, kula," Graciella alinong'ona. "Atawaza unachukia chakula yake. Hapa ni Bruxelles."

"Bruxelles haikunizala. Mi nikikula mu macho ya mukwe, heshima itabakia wapi?"

"Donc umutie haya siku ya kwanza?"

Macho ya yaya yalikuwa yamejaa maji. Anampenda yule kijana. Hapo Graciella akamweleza mumewe kwa Kifaransa jambo alilokuwa akimficha miaka yote, akiona ni la kizamani.

Andrés alisikiliza mpaka mwisho. Akainua sahani yake, akaingia jikoni, akafunga mlango. Sauti ikatoka kwenye kidirisha cha kupitishia vyakula:

"Maman, mi nakula! Kula na weye!"

Yaya alicheka hadi akajifunika mdomo. Akasukuma uma kando, akashika ubavu kwa vidole, akaung'ata mpaka mfupa ukawa mweupe. Watu wa meza ya jirani waliacha kuongea.

"Mukwe!" aliita bila kugeuka. "Nyama iko bien. Lakini viazi haina pilipili!"

"Pilipili? Mama yangu atanipiga!"

"Bon, umusalimie. Alafu ulete ingine."

Sahani ya pili ikatokeza kidirishani, ikishikwa na mkono tu, uso hauonekani, na Graciella akainuka kuipokea.