Mgonjwa wa Ukutani

Miaka ya themanini nilifundisha sekondari moja mjini Kitui, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Mwalimu mmoja mzungu, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia picha ya mchoraji mashuhuri wa Ulaya, aliyoichora juu ya jiwe uzeeni mwake na kuichapa: mwanamke mnene ameketi, mabega wazi, macho yote mawili upande mmoja wa uso. Chini palikuwa na sahihi ya penseli na namba. Zilichapwa sabini na tano tu, kisha jiwe likafutwa. Huyo mwanamke sikumwelewa hata kidogo, ila hiyo sabini na tano niliielewa vizuri sana.

Nyumbani tulikuwa na fremu moja tu ya kioo, na ndani yake alikaa Mwaitu, mama yangu, katika picha aliyopigwa studio akiwa msichana. Nikamtoa, nikamfunga kwa gazeti, nikamsukuma chini ya kitanda. Mke wangu akanikumbusha kwamba Jumapili Mwaitu angekuja na akina mama wa kanisa kuombea nyumba. Nikamjibu kwamba ningewaelimisha.

Kwetu ukutani hukaa watu wa nyumbani: wazazi, maarusi, marehemu. Akina mama walipomwona yule mwanamke walimhurumia sana. Kabla sijakohoa kuanza somo, walikuwa wamefumba macho wakimwombea, Mungu alirudishe jicho lake mahali pake. Mimi msomi niliitikia amina kuwashinda wote.

Wakati wa chai ndipo nilipohutubu. Mwaitu alisikiliza huku macho yake yakitembea ukutani, kutoka kalenda hadi picha ya arusi yetu, kisha yakarudi kwenye kalenda. Nilijua anatafuta nini. Nikazidisha maneno: kwamba vitu huthaminiwa kwa sababu ni vichache duniani.

"Na ile yangu ya studio," akauliza, "ziko ngapi?"

"Ni moja tu, Mwaitu."

"Basi uiweke vizuri," akasema, akamwomba mke wangu amwongeze chai.

Walipoaga, kabla hawajafika hata barabarani, nilikuwa juu ya kiti na kisu cha jikoni nikifungua fremu. Mzungu wangu wa pichani akaingia chini ya kitanda. Mwaitu, mpaka uzeeni, hakuwahi kuja kwangu bila kuuliza kama yule mgonjwa amepata nafuu.