Jina la Saba

Mwalimu Eunike wa Mwika hakuwahi kubabaika akisoma mbele ya watu, na sifa hiyo aliijua vizuri mno. Misiba yote ya ukoo, wasifu wa marehemu alisoma yeye. Alipofariki baba yake, mzee Eliezeri, hakuna aliyejisumbua kuuliza nani atasoma.

Taabu ilikuwa karatasi yenyewe. Mzee aliacha watoto sita kwa mkewe, na wa saba, Theodora, aliyemzaa nje ya ndoa kule Tarakea. Kikao cha ukoo kilikubali atajwe. Mama yake Eunike alijifunga khanga yake upya akatoka.

Siku ya mazishi Eunike alivaa lenzi zake za ndani ya macho. Uso wa macho yake haukuwa mviringo sawasawa, kwa hiyo kila lenzi ilipaswa kukaa mkao mmoja tu. Ikizunguka kidogo, herufi zinaota vivuli. Daktari wa macho mjini Moshi alimweleza kuwa upande wa chini umeachwa mnene makusudi, na kope kila zikifumba huirudisha lenzi mahali pake.

"Ikihama, mwalimu, usifikiche. Pepesa tu, itarudi."

Watu walijaa kihambani, shamba la nyumbani kwa mzee, mpaka kwenye migomba. Eunike alisoma kuzaliwa kwa mzee, kipaimara, ndoa, kazi ya kahawa. Alipotaja mtoto wa sita machozi yakamshinda, na yalikuwa ya kweli, maana alimpenda sana baba yake. Lenzi zikateleza, mistari ikapandana. Akapepesa. Mara ya tatu au ya nne maandishi yakatulia, meusi, safi: Theodora.

Akainua uso. Kiti cha mbele mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, kama anayengoja pigo.

Eunike akaendelea kupepesa.

Baba mdogo Ezra akamwonea huruma, akaichukua karatasi, na kwa haraka yake ya kumwokoa akaanzia kwenye wajukuu.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Theodora alimfuata nyuma ya nyumba. Eunike alijua anastahili kutukanwa. Theodora akamshika mikono yote miwili.

"Pole, dada. Nimeona macho yalivyokutesa. Ningekuwa mimi, hata hayo majina sita nisingeyafikisha."

"Asante, mdogo wangu," Eunike akajibu.

Hakuwahi kumwita hivyo kabla ya siku ile, na aliona haya hata kumtazama.