Mwisho Alioutunga Mama Kitabu

Katika karakana ile ya kushona sare, vyerehani vilikuwa chumba cha mbele, vikipiga kelele kutwa nzima. Nyuma yake, ukishafunga mlango mzito, kulikuwa na chumba cha kumalizia. Humo walifanya kazi wanawake saba katikati ya mashati ya wanafunzi na makoti ya wauguzi: huyu anashona vifungo, yule anapinda mapindo, mwingine anakata nyuzi zilizobaki, na mkubwa wao kwa umri, waliyemwita Bibi wa Pasi, amesimama penye meza yake akinyoosha kola. Kazi ya mikono haina kelele, na kichwa hubaki hakina la kufanya. Ndiyo maana walikuwa na msomaji wao.

Msomaji mwenyewe alikuwa mjane wa miaka hamsini na kidogo. Walimwita Mama Kitabu, ingawa binti yake pekee hakuwa na jina hilo wala vitabu havikumpendeza. Mpango wao ulikuwa rahisi. Kila asubuhi vifungo alivyopangiwa Mama Kitabu viligawanywa kwa wenzake sita, naye akakaa kwenye kiti cha dirishani akawasomea. Msimamizi alijua, akajifanya hajui, kwa sababu tangu usomaji uanze hakuna aliyekuwa akitokatoka kwenda kunywa maji. Miaka kumi na moja Mama Kitabu hakushona kifungo kazini, na tusidanganyane, kiti kile alikipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Walitaka vitabu vya aina mbili tu: vya mapenzi, na vya miujiza katika nchi zisizokuwepo. Vikichanganywa vyote viwili, hapo ndipo penyewe. Siku moja alijaribu kuwaletea kitabu cha mafunzo ya maisha, wakamwambia akirudishe kilikotoka, kwa kuwa mahubiri walikuwa wakiyapata ya kutosha kwa wakwe zao.

Katika miaka hiyo alijifunza jambo ambalo waandishi wengi hawajapata mahali pa kukaa wakalijifunza. Akiinua macho kutoka ukurasani aliiona mikono ya watu. Hadithi ikiwashika, sindano zilisimama hewani. Hadithi ikiyumba, walianza kuulizana habari za sabuni. Hawakuvumilia wapenzi waliotengana miaka saba kwa ajili ya jambo ambalo swali moja lingelimaliza. "Si angemuuliza tu?" Bibi wa Pasi alisema kila mara. "Ana mdomo huyu, au ana tundu la kifungo?" Hawakumpenda mchawi anayeweza kila kitu. Kama anaweza yote, wao walikuwa wanaogopa nini tangu Jumatatu? Na kijana akimpenda msichana ukurasa wa tatu kwa sababu ya macho yake tu, walitaka kujua amemfanyia nini. Ameziba paa linalovuja? Amembebea mama yake mzigo?

Basi Mama Kitabu akaanza kutia chumvi. Mwanzoni aliruka aya mbili tatu za macho na nywele. Kisha akawa anawapa watu maneno ambayo mwandishi amewanyima. Mwishowe akawa anabadilisha sura nzima za mwisho, macho yake yakiwa ukurasani na mdomo wake kwingine kabisa. Hakuna aliyeshtuka. Kati ya wale sita, watatu hawakujua kusoma, na waliobaki waliporudi nyumbani walikuwa na watoto na masufuria ya kushughulikia.

Ndipo kikaja kitabu cha mji wa vivuli. Katika mji huo mtu akivunja ahadi, kivuli chake kinamtoka na hakirudi tena. Fundi wa kufuli alikuwa amemwahidi mlinzi wa lango kwamba hatalifungua, kisha akalifungua ili binti wa mlinzi huyo, aliyempenda, apate kutoka kwenda kumzika mama yake. Kivuli kikamtoka fundi, na watu wakamkimbia. Chumba kizima kilikuwa roho juu. Lakini Mama Kitabu, ambaye siku zote alitangulia kusoma nyumbani, alipofika sura ya mwisho alikitupa kitabu kitandani kwa hasira. Ndege wa dhahabu, ambaye hajatajwa popote kabla ya hapo, alishuka kutoka mawinguni akamrudishia fundi kivuli chake bure, hata asante hakuitaka. Kurasa mia tatu ameambiwa hakirudi, leo kinarudi kwa ndege?

Kwa hiyo aliwatungia mwisho mwingine. Kivuli hakikurudi. Binti alimfuata fundi nje ya lango akamwambia, "Simama upande huu wangu. Changu kinatosha." Wakatembea hivyo maisha yao yote, asubuhi fundi akiwa kulia kwake, jioni kushoto. Siku hiyo Bibi wa Pasi aliunguza kola, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mmoja wa wale wasiojua kusoma alikuwa mshona vifungo waliyemwita Mpole, mwanamke wa miaka arobaini, mama wa watoto wanne. Mwaka mzima alikuwa akienda darasa la watu wazima akitoka kazini. Jioni hiyo alimfuata Mama Kitabu mlangoni.

"Dada, niazime hicho," alisema. "Nataka kiwe kitabu changu cha kwanza kukimaliza mwenyewe. Kwa kuwa hadithi naijua, maneno hayatanisumbua sana."

Mama Kitabu alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Mkono ulitoa kitabu huku moyo ukikataa.

Wiki tano hizo hazikuwa nzuri kwake. Kila asubuhi Mpole alitangaza alikofika, ukurasa wa arobaini, ukurasa wa tisini, na wenzake wakampigia makofi, na Mama Kitabu naye akapiga, huku akiomba kimoyomoyo mwenzake achoke njiani. Dua hiyo ilimtia haya, lakini aliirudia. Siku siri yake itakapojulikana, nani atakubali tena kumshonea vifungo vyake?

Jumanne moja, wakati wa mapumziko, Mpole aliweka kitabu mapajani mwa Mama Kitabu, kimefungwa vizuri kwa gazeti.

"Umemaliza?"

"Nimeshindwa, dada. Nilienda vizuri mpaka sura ya mwisho, na hapo ndipo nilipojijua. Wewe ulisoma binti na kivuli chake, sote tulisikia. Mimi naona ndege. Nimerudia mara sita, naona ndege tu." Alijaribu kucheka. "Kumbe hata kule nyuma sikuwa nasoma. Nilikuwa nakumbuka tu sauti yako. Jana nimemwambia mwalimu asinihesabu tena. Kichwa changu si cha vitabu."

Siri ilikuwa imesalimika. Hakutakiwa kufanya lolote, ila kunyamaza. "Pole, mdogo wangu," alisema, na hata alipokuwa akilisema neno hilo alijichukia.

Kazi ilipoanza tena alifungua kitabu kipya akasoma aya mbili. Mpole alikuwa ameinama, anashona kama mashine, hasikilizi. Mama Kitabu akakifunga.

"Ndege yupo," alisema.

Wote wakamtazama.

"Kwenye kile kitabu cha vivuli. Mpole amesoma sawasawa. Ule mwisho wa binti niliutunga mimi. Niliwadanganya."

Bibi wa Pasi aliisimamisha pasi yake. "Kitabu hicho kimoja?"

"Na vingine."

"Yule daktari aliyerudi kwa mkewe?"

"Hakurudi. Alioa mwingine."

"Na malkia aliyekuwa nyoka?"

"Alibaki nyoka."

Mkata nyuzi, ambaye malkia huyo alimliza siku mbili, aliweka mkasi chini. "Miaka kumi na moja nakushonea vifungo," alisema polepole, "nikijua nasomewa kitabu."

Bibi wa Pasi akamnyooshea Mama Kitabu kidole. "Wewe, inuka. Chukua vifungo vyako, na utavishona mpaka hasira zitutoke. Ukirudi hapo, ukitaka kutunga, tunga, lakini useme kwamba sasa ni wewe. Mpole, kaa pale. Tusomee huyo ndege."

Mpole alikataa kwa kichwa. Mama Kitabu akamshika mkono, akamkalisha mwenyewe kwenye kiti cha dirishani, akamfungulia sura ya mwisho ya kitabu cha vivuli.

Mpole alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Mahali pengine alikwama, akarudi nyuma, akapita. Ndege alishuka mawinguni. Ndege alitoa kivuli. Fundi alifurahi, binti alifurahi, mji wote ulifurahi, na kitabu kikaisha. Alipofika hapo, mtu mmoja alikuwa ameshauliza kama sabuni mpya imefika.

"Katokea wapi huyo ndege?" mkata nyuzi aliuliza.

"Tumeambiwa kivuli hakirudi," mwingine akasema. "Sasa tulikuwa tunalia nini?"

"Huu ni mwisho wa ovyo," Bibi wa Pasi alikata shauri, na hakuna aliyembishia.

Mpole aliinua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyajali. Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa mwisho.

"Ni wa ovyo kabisa," alisema. "Nilisema hivyohivyo nyumbani, nikadhani ni mimi."