Waziri Aliyefukuzwa kwa Kipaza Sauti

Hounslow nzima, pembeni mwa London, ilikuwa na watu wawili tu waliowahi kuitawala jamhuri yetu, na watu hao wawili hawakusalimiana. Mmoja alikuwa Papa, baba yangu mzazi, Waziri wa Njia na Masoko. Wa pili alikuwa Rais. Miaka ile ya tisini wote wawili walifanya usafi uwanja wa ndege, na basi lao la asubuhi lilikuwa moja, la ghorofa. Rais akiketi chini, Papa anapanda juu, na lile goti lake bovu.

Msinicheke. Jamhuri ilikuwepo kweli, kwetu milimani, mashariki ya Kongo, mpakani kabisa. Ilidumu msimu mmoja wa mvua, mimi sijazaliwa bado. Ilikuwa na bendera, na baraza la mawaziri lililokutana darasani kwenye madawati ya watoto, na bariyeri, yaani mwanzi mrefu uliolazwa njiani pale mtoni ili anayevuka alipe ushuru. Hiyo bariyeri ndiyo iliyowagombanisha. Rais alitaka akina mama wanaopeleka mihogo soko la ng'ambo walipe kama wengine, la sivyo askari watakula nini? Papa akasema hatukuwaondoa wakubwa wa zamani ili sisi tuwe wao. Siku ya soko akaenda mwenyewe, akauinua ule mwanzi, na akina mama wakapita na mizigo yao wakipiga vigelegele. Jioni Rais akasimama sokoni na kipaza sauti, akatangaza kwamba Waziri amefukuzwa. Haukupita muda jeshi la serikali likapanda mlima, na Rais, Waziri na bariyeri yao wakatimuliwa wote pamoja.

"Sikufukuzwa!" Papa alikuwa akisema kila Jumapili, mbele ya sahani ya sombe, yale majani ya mihogo tuliyoyanunua ya barafu kwa Mhindi mmoja wa Kampala. "Baraza lilikaa? Halikukaa. Waziri hafukuzwi sokoni kama mwizi wa kuku."

"Ee Mungu wangu," Mama anajibu, "jamhuri yenyewe imeoza, nyie bado mnagombania viti. Kula, sombe inapoa."

Nilikuwa nikichoka nao, jamani. Lakini leo ningetoa chochote niisikie tena ile kelele, harufu ya mawese dirishani, ndege zikipita juu ya paa na Papa akipandisha sauti ili zisimshinde.

Kisha mimi nikapata mchumba, kijana wa Kikongo wa Birmingham, na watu wake wakasema wanakuja Jumamosi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu baba wa binti hafungui mdomo siku hiyo. Anaketi kimya, na mwanamume mwingine wa mlima uleule ndiye anayewapokea wageni na kusema kwa niaba yake. Asipopatikana, wageni wanageuza. Na mashangazi wa mchumba wangu walikuwa watu wa kusema. Wangeniita mtoto wa kuokotwa mpaka naingia kaburini. Sasa, London yote hii, mwanamume wa mlima wetu alikuwa nani mwingine?

Mama akajifunga kitambaa, akaenda kwa Rais. Akarudi na jibu.

"Anasema atakuja. Lakini kwanza umwambie kwa mdomo wako kwamba alikufukuza."

"Thubutu!" Papa akasema, akawasha televisheni.

Nililia wiki nzima. Nilimpenda yule kijana, tena sana, na Papa nilimchukia, nasema ukweli. Alipita sebuleni akiniona nimevimba macho, akaongeza sauti ya televisheni.

Jumamosi ikafika. Wageni wakapiga simu kwamba wametoka kwenye barabara kuu, wanatafuta mtaa. Rais alikuwa amekuja, ndiyo, amevaa suti ya kahawia, lakini alisimama nje ya mlango wa flati yetu na hakutaka kuvuka. Papa ameketi ndani kwenye kiti chake. Wanaangaliana hivyo, mlango wazi, baridi inaingia. Tukasikia milango ya magari ikifungwa chini na sauti za mashangazi. Mama akanishika mkono.

Papa akainuka. Akaenda mpaka mlangoni.

"Ulinifukuza," akasema.

"Sema vizuri."

"Nilikuwa Waziri, ukanifukuza, na ulikuwa na haki. Sasa ingia, bwana. Mtoto anaolewa."

Nilidhani Rais atacheka, amengoja maneno hayo miaka yote ile. Hakucheka. Alivua kofia, akaangalia viatu vyake, kisha akasema, "Mheshimiwa Waziri, niketi wapi?"

Tangu tuje Uingereza hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Papa akampa kiti chake mwenyewe.

Na yule mzee akaongea! Aliwasimamisha wageni mlangoni, akawauliza wametoka nchi gani, nani kawapa ruhusa ya kuvuka mpaka wetu, na kama wamebeba mihogo. Shangazi mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Papa alikuwa kimya kama desturi inavyotaka, na Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Baada ya harusi, nilipokuwa nakwenda kwa mume wangu, Papa alinisindikiza hadi kwenye gari. Akainama dirishani, akaangalia huku na huku kama mtu anayeficha kitu.

"Watoto wako wasije wakaambiwa kwamba babu yao alifukuzwa," akaninong'oneza.

"Lakini hukufukuzwa, Papa."

"Aksanti," akasema, akagonga paa la gari tuondoke.