Kandida Aliyepanda Chukudu Yangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno yangu yakipinda, muyanyooshe wenyewe. Lakini chukudu naijua. Ni baiskeli ya miti bila pedali: mupando unaisukuma, mushuko inakubeba. Yangu niliichonga kwa mukaratusi wa Kibumba, kule juu, ikasomesha watoto sita. Wa pili ni mwalimu, na serikali haimulipi, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Basi, wakati wa kampeni, kandida moja, mutu wa kuomba kura, alishuka ku mutaa wetu wa Mapendo na magari ine. Koti lake halikuwa hata na vumbi, na mutu asiyekuwa na vumbi, Goma anaijulia wapi? Alisoma karatasi: kazi kwa vijana, musaada kwa wajane na wakimbizi wa Kanyaruchinya, kupunguza taksi, ile kodi ya barieri za njiani, maendeleo ya jimbo. Alisoma mbio kama padri mwenye njaa. Wamama walipiga makofi, kwa sababu vitenge vya kugawa vilikuwa bado ndani ya gari.

Mimi nilikuwa pembeni, ku chukudu magunia mbili ya viazi ya mama moja wa soko. Mupiga picha wa kandida akaniona.

"Papa, hiyo chukudu! Muheshimiwa aipande kidogo. Picha moja tu."

Watu wake walishusha viazi bila kuniuliza. Nilimwambia kandida, "Muheshimiwa, freni ni hii raba ya nyuma. Unaikanyaga na kisigino, pole pole. Hivi viatu vya kung'aa vitateleza."

"Muzee, mimi ni mutoto wa hapa. Utanifundisha chukudu?"

Mutoto wa hapa! Mutoto wa hapa anaweka goti moja ku mbao, mguu ingine unasukuma. Huyu alisimama na miguu mbili, kifua mbele, kama anangojea wimbo wa taifa. Njia ile inashuka, na ni mawe ya volkano matupu.

"Goti, papa! Goti!" wamama walimulilia.

Goti aliliweka, lakini chini, ku mawe. Chukudu yangu ilishuka peke yake, ikapiga ukuta, shingo ya usukani ikakatika.

Watu wake walikimbia kumuinua yeye. Chukudu niliinua mimi. Alipanguza suruali, akanigusa bega: "Muzee, utapata mupya. Iko ndani ya programu." Magari yakaondoka. Viazi vya yule mama nilivipeleka mgongoni, gunia moja, kisha la pili, na mgongo wangu si wa kazi hiyo tena.

Nyuma ya siku tatu nilifika ku ofisi yao kuuliza chukudu mupya. Sekretere wake, mama moja mwenye kofia ya kampeni, alifungua ile karatasi ya programu.

"Papa, chukudu ni usafiri. Usafiri ni maendeleo, jambo la ine. Sisi tuko bado ku la kwanza."

"La kwanza si kazi?"

"Ndiyo."

"Na ile mulinivunjia ilikuwa nini?"

Alifunga karatasi. "Rudia hapa nyuma ya uchaguzi, papa."

Siku ya kura, jirani alinikuta uani na tindo mukononi.

"Muzee, hauendi kuchagua?"

Nilimwambia ashike upande ingine wa muti wa chukudu, na asiachie. Alishika. Tulitoboa tundu la shingo mupya mpaka jua likazama, na kabla ya mvua ya kesho yake nilikuwa njiani na chukudu yangu, kupanda Kibumba.