Mwanahisa wa Mbolea

Jirani yangu hapa Boito huishika simu yake kama shemasi anavyoshika sahani ya sadaka. Vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu wa chai, isipokuwa kimoja tu, kile cha kufungulia bei ya hisa zake za kampuni ya mbolea. Mbolea ikipanda bei, hucheka peke yake katikati ya mistari ya chai. "Muda mrefu, Mama Nelvine," huniambia. "Hisa si bonasi ya chai ya kila Oktoba." Neno "mrefu" hulivuta mpaka kikombe changu kipoe.

Jumamosi aliniletea fomu nitie sahihi, ili hisa za marehemu mume wangu katika kampuni hiyo hiyo ziwe zake. "Mjane atazifanyia nini?" Nilimwonyesha chai yake ng'ambo ya ua, manjano kama macho ya mgonjwa wa ini. "Hujaweka mbolea?" Akashusha sauti. "Bei imepanda, mama. Hao watu wa kampuni ni wezi." Nikamrudishia fomu yake bila sahihi, pamoja na nusu gunia la mbolea. Nyumba hii haijawahi kumnyima jirani, hata jirani mwenye hisa katika wizi.