Barua ya Salimu Iliyosubiri Siku Tatu

Nakumbuka siku moja, Jumanne asubuhi, kompyuta ya ofisini kwetu Chumbageni, Tanga, ilikataa kufungua barua pepe. Ilikuwa ya mfumo wa Unix, ya zamani. Waliotuhifadhia barua walikuwa wamebadili taratibu zao, na programu yetu ya kusomea ikawa haikubaliki tena.

Mwanangu, nilikuwa karani tu, elimu yangu darasa la saba na kozi fupi ya kuchapa. Lakini kulikuwa na barua niliyoingoja. Mdogo wangu Salimu alikuwa mgonjwa Mombasa, simu hana, na aliahidi kunijulisha kwa barua pepe ya ofisini siku atakayorudi.

Ilibidi nitafute programu nyingine. Nikapata moja nzuri, yenye rangi na picha, mashine haikuiweza. Nikajaribu ya pili, ikakwama katikati. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kukaa.

Mzee Mbaruku, fundi wetu, akanitazama mpaka akachoka.

"Binti, unataka kusoma barua au unachagua kanga?"

"Shikamoo, mzee. Natafuta inayofaa."

"Marahaba. Ninayo ndogo, ya maandishi matupu. Mashine hii itaibeba."

"Hiyo ya enzi za mkoloni? Haina hata picha!"

"Nduguyo amekuahidi picha? Mchagua jembe si mkulima."

Nikacheka. Nitakwambia ukweli: nilitaka ile ya rangi ili msimamizi anisifu. Jumatano ikapita hivyo, na Alhamisi pia.

Ijumaa nikanyoosha mikono. Mzee Mbaruku akaiweka programu yake, hata chai yake haikupoa. Barua ya Salimu ikatokea, imeingia tangu Jumanne: "Dada, Alhamisi watanishusha Horohoro, mpakani. Njoo unipokee, miguu haina nguvu."

Alhamisi ilikuwa jana yake.

Sikuaga mtu. Nilimkuta mpakani kwenye baraza ya mama muuza chai, amelazwa mkekani, kafunikwa kanga ya mama yule. Alikesha pale akiangalia kila gari litokalo Tanga.

"Barua ilichelewa, dada?"

"Ilichelewa. Kompyuta mbovu."

Nikaisingizia mashine, mwanangu. Barua haikuchelewa, niliyechelewa ni mimi.

Aliishi siku nane. Siku ya saba alinishika mkono, akanitaka radhi, kama tunavyofanya mtu anapojua safari yake imekaribia. "Nimekusumbua, dada. Niwie radhi." Nikampa. Na mimi yangu ilikuwa ulimini, nikaimeza. Nilijiambia kesho, akipata nafuu. Kesho yake tulimzika.

Miaka imepita, na bado gari likisimama nje, mimi husimama pia. Siwezi kukaa kitako muda mrefu. Wajukuu wanadhani ni magoti.

Basi nakuusia. Ukiwa na haja, shika chombo kinachoifikia, hata kiwe kidogo na watu wakucheke. Uzuri utautafuta baadaye. Na ukikosa, usiisingizie mashine. Sema "ni mimi" ilhali mwenzako bado ana masikio. Mchagua nazi hupata koroma, lakini koroma langu si barua iliyochelewa. Ni radhi ambayo sikuiomba.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akukutanishe na wako kabla hawajachoka kungoja. Kwangu mimi, radhi unayo. Usingoje kuniomba.